Usiuze lenzi za marehemu kabla hujazijaribu kwenye kamera yako

Jumamosi moja baada ya alasiri, binti wa jirani yangu hapa Mji wa Kale alinijia na mfuko wa ngozi uliofumuka mshono. Ndani mlikuwa na lenzi tatu za kamera za filamu, mali ya marehemu babu yake aliyekuwa akipiga picha za harusi na za paspoti zamani hizo. Mnunuzi wa skrapu alikuwa ashatia bei, kwa kilo, pamoja na feni mbovu na pasi ya makaa.

"Ami," akaniuliza, "hivi vitu vyafanya kazi kwenye kamera yangu, au nimpe yule mtu aende zake?"

Nikamwambia akae kwanza. Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na walio wengi huniuliza wakati mfuko ushauzwa.

Binti huyu hupiga picha za harusi upande wa wanawake. Asiyejua mambo yetu huenda akaona ni kazi ndogo, lakini usiku wa kupamba mwanamume haingii, simu siku hizi hukusanywa mlangoni, na mpigapicha mwanamke anayeaminika hakosi kuitwa. Shida yake ni mwanga. Ukumbi una taa za rangi, bibi harusi yuko jukwaani kwenye kiti chake, na flashi ikimpiga usoni hupausha vipodozi na kufanya dhahabu ing'ae kama bati. Wenye harusi wengine hawaitaki kabisa. Lenzi iliyokuja na kamera yake, ile ya 18-55 ambayo karibu kila anayeanza anayo, ikivutwa hadi 55 hufunguka mwisho f/5.6. Kwa hivyo kila harusi alikuwa akikodi lenzi ya tundu kubwa kutoka kwa mwenziwe, na ile kodi ilimla sehemu nzuri ya malipo kabla hajanunua hata betri.

Sasa katika mfuko ule mlikuwa na Super-Takumar ya milimita 55 inayofunguka hadi f/1.8. Tundu la lenzi hupimwa kwa namba ya f, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Tofauti ya f/5.6 na f/1.8 ukiiona kwenye karatasi yaonekana kidogo, lakini mwanga unaopita ni karibu mara kumi zaidi. Pale ambapo lenzi yake ya kawaida ingemlazimisha kupiga kwa kasi ya 1/15 ya sekunde, ambayo mkono wa mtu yeyote hutikisika, hii ingempa karibu 1/150 kwa ISO ileile. Hiyo ndiyo picha iliyotulia na picha iliyoharibika. Na ilikuwa inakwenda kuyeyushwa pamoja na feni.

Lenzi ya pili ilikuwa Nikkor ya milimita 135, f/2.8. Ya tatu ilikuwa Canon FD ya milimita 50, f/1.8. Kamera ya binti ni Canon, ile ya DSLR yenye sensa ndogo. Uso wake ulichangamka alipoiona ile ya Canon, akasema hii basi haina maneno, itaingia yenyewe. Ikawa kinyume. Zile mbili za kampuni nyingine zinakubali kamera yake, na ile ya Canon ndiyo inayokataa. Nikaona heri niyaeleze haya hapa, maana hata wauzaji wa adapta wengine hawayajui, au wanayajua na hawasemi.

Siri yote iko kwenye umbali mmoja mdogo: kutoka uso wa chuma pale lenzi inapokaa kwenye kamera, hadi pale filamu au sensa ilipo. Kila kampuni ilichagua umbali wake, na lenzi imetengenezwa ilete picha kali kwa umbali huo tu. Nikon ni milimita 46.5. Lenzi za skrubu za M42, ambazo Takumar ni mojawapo, ni 45.46. Canon EOS za DSLR ni 44. Canon FD za zamani ni 42.

Zitazame tena hizo namba. Kamera ya EOS ina 44. Lenzi ya Nikon yataka 46.5, kwa hivyo pana nafasi ya milimita mbili na nusu ya kutia pete ya chuma katikati, na kila kitu kinakaa mahali pake. M42 yataka 45.46, pana nafasi ya kama milimita moja na nusu, nayo inatosha kwa pete nyembamba. Lakini FD yataka 42. Ingebidi lenzi izame ndani ya kamera milimita mbili zaidi ya pale mlango ulipo, na haiwezekani. Ukiilazimisha kwa adapta isiyo na kioo, itaona vitu vya karibu tu, mita moja hivi na kurudi nyuma. Utapiga pete na mkufu vizuri sana, lakini bibi harusi aliye jukwaani atakuwa ukungu mtupu.

Zipo adapta za FD zenye kipande cha kioo ndani cha kurekebisha umbali huo. Mimi sizipendi. Kile kioo aghalabu ni cha bei rahisi, na unapoweka kioo duni nyuma ya lenzi nzuri, unapata picha ya kioo duni. Sababu ya Canon kujitenga na lenzi zake yenyewe ni kwamba mwaka 1987 ilipoleta EOS ilibadilisha mlango wote ili kamera na lenzi ziwasiliane kwa umeme. Nikon ilishikilia umbo la mlango wake wa mwaka 1959. Ndiyo maana mwenye DSLR ya Nikon aweza kutia lenzi ya Nikon ya kale bila adapta yoyote, ilhali lenzi ya M42 kwake inagoma, kwa hesabu ileile: 45.46 ni chini ya 46.5.

Wenye kamera mpya zisizo na kioo cha kujipindua ndani wao wamepata raha. Umbali wa Sony E ni milimita 18, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16. Pana nafasi tele, na karibu lenzi yoyote ya kamera za filamu za milimita 35 inaingia kwa pete tupu. Ukiwa na kamera ya aina hii, swali si kama lenzi itaingia. Swali ni hali ya lenzi yenyewe.

Kuna onyo moja kwa wenye Nikon kabla sijaendelea, kwa sababu hapa mtu aweza kuvunja kamera. Lenzi za Nikon za kabla ya mwaka 1977 ambazo hazijarekebishwa zaweza kugonga na kuharibu kijino kidogo kilicho pembeni ya mlango wa kamera kama D7000, D610 au D750. Tazama pete ya tundu. Ikiwa ina safu mbili za namba, kubwa na nyingine ndogo karibu na mlango, lenzi ni salama. Ikiwa ina safu moja tu, usiizungushe. Kamera ndogo za familia ya D3000 na D5000 hazina kijino hicho, kwa hivyo hazidhuriki, ila nazo zina kasoro yake: ukitia lenzi isiyo na umeme hazipimi mwanga kabisa. Utapiga kwa herufi ya M na akili yako.

Akili hiyo wazee wetu walikuwa nayo. Kwenye jua kali la saa sita, ISO 100, weka kasi 1/125 na tundu f/16. Ufukweni penye mchanga mweupe, funga zaidi hadi f/22. Ukiingia kwenye vichochoro vya Mji wa Kale ambako jua halishuki, fungua hadi f/5.6 au f/4. Babu wa binti huyu hakuwa na skrini ya kumwonyesha kama amekosea, wewe unayo. Piga moja, tazama, rekebisha. Baada ya wiki mbili utashangaa mkono unakwenda wenyewe.

Kamera ya Canon ya binti inapima mwanga hata kwa lenzi ya kale. Weka herufi ya Av, zungusha pete ya tundu kwenye lenzi kwa mkono, nayo kamera itachagua kasi. Pale pa kuandikwa namba ya f patasoma 00, usishtuke. Kamera haijui lenzi gani iko mbele yake, na haitaandika kwenye faili la picha ulitumia tundu gani. Ukitaka kukumbuka, andika. Kwenye kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani, shata itakataa kabisa kufyatuka hadi uingie kwenye menyu uruhusu kupiga bila lenzi. Nimewaona watu wawili wakirudisha adapta dukani wakidhani ni mbovu, kumbe ni hiyo tu.

Jambo jingine la M42: kwenye ubavu wa Takumar kuna kiswichi cha A na M. Kikiwa A, lenzi inabaki wazi daima ukiwa kwenye adapta, uzungushe pete upendavyo. Kiweke M. Lenzi nyingine za skrubu hazina kiswichi, zina kipini tu nyuma, na hizo zataka adapta yenye ukingo wa ndani unaokibana kipini hicho. Muulize muuzaji kabla hujatoa pesa. Na mwenye Canon ya sensa kubwa kamili aangalie pia, maana baadhi ya lenzi za M42 hutokeza nyuma zikagusana na kioo cha kamera unapolenga mbali. Kwa sensa ndogo kama ya binti hatukuona shida.

Sasa tuje kwenye lililo gumu hasa, nalo ni fokasi. Lenzi hizi hazijilengi. Unazungusha pete wewe. Na kwa tundu la f/1.8, ukiwa mita mbili kutoka kwa mtu, sehemu iliyo kali kwenye picha ni kama sentimita 9 tu kwenda mbele na nyuma. Ukilenga jicho, sikio lashaanza kupotea. Akiinamisha kichwa kumsikiliza somo yake, umemkosa.

Tena kile kidirisha cha DSLR za siku hizi hakikutengenezwa kwa kazi hii. Kamera za filamu zilikuwa na duara katikati lililokata picha vipande viwili mpaka ulenge sawa. Za sasa zina kioo chepesi kilichokusudiwa kung'aa kwa lenzi za kawaida, na kwa f/1.8 kinakudanganya: waona kila kitu kikali ilhali sicho. Dawa ni kuwasha skrini ya nyuma, kukuza picha mara tano au kumi kwenye jicho la mtu, kulenga, kisha kupiga. Kamera zisizo na kioo cha ndani zina msaada zaidi, zinapaka rangi kwenye kingo zilizo kali, lakini hata hapo kwa tundu kubwa mimi huamini kukuza kuliko rangi.

Kwa mtu anayetembea njia ni nyingine. Lenga mahali, usilenge mtu. Amua kwamba utapiga atakapofika kwenye ile nguzo, weka fokasi kwenye nguzo, ngoja. Mchana wenye mwanga mwingi unaweza hata kuacha kulenga kabisa. Lenzi ya milimita 28 ikifungwa f/11 kwenye kamera ya sensa ndogo, ukiweka fokasi kwenye mita tatu na nusu, kila kitu kuanzia kama mita mbili hadi upeo wa macho kitakuwa kikali. Kwenye lenzi za kale utaona mistari imechorwa pande mbili za alama ya fokasi, yenye namba za tundu. Hiyo ndiyo ramani ya hesabu hii, na lenzi mpya nyingi hazina. Ila mistari ile ilichorwa kwa filamu ya milimita 35. Kwa sensa ndogo isome kwa namba moja pungufu: ukiwa umefunga f/11, tumia mistari ya f/8.

Kwa hivyo nilimwambia binti ukweli. Bibi harusi anapokuwa ametulia kwenye kiti, wakati wa kutazamwa, lenzi hii ni yako. Chakacha ikianza na watu wakasimama, itoe, rudisha ile ya kawaida na uombe ruhusa ya flashi. Anayekwambia lenzi ya kulenga kwa mkono itamtosha mpigapicha wa harusi usiku mzima, anakuuzia lenzi. Vilevile, milimita 55 kwenye Canon ya sensa ndogo yaona kama 88 kwenye filamu. Ni nzuri kwa uso na kifua. Katika chumba kidogo chenye wageni hamsini, utagonga mgongo ukutani na bado hujaenea.

Hayo yote ni bure ikiwa lenzi imeliwa. Na hapa pwani, lenzi huliwa. Adui yetu mkubwa ni kuvu, zaidi ya mchanga na zaidi ya chumvi. Hewa yetu ina unyevunyevu mwaka mzima, masika ndiyo usiseme, na lenzi ikifungiwa kwenye mfuko wa ngozi, ndani ya kabati, gizani, miaka kumi, kuvu humea juu ya kioo. Mara nyingi sioni ajabu kwamba wale wa bara huleta lenzi za umri uleule zikiwa safi.

Namna ya kukagua ni hii. Fungua tundu lote. Washa tochi ya simu, iweke nyuma ya lenzi kwa upande kidogo, nawe tazama kwa mbele. Vumbi dogo utaliona, nalo halina neno, karibu kila lenzi ya umri huo inalo. Kuvu ni nyuzinyuzi, kama utando wa buibui au kama mizizi inayotambaa kutoka ukingoni. Ukungu mweupe mwembamba uliotanda kote ni jambo jingine, aghalabu ni mvuke wa grisi iliyozeeka. Kisha zungusha pete ya tundu na utazame zile bapa zake: ziwe kavu, zifunge na kufunguka mara moja. Zikiwa na mafuta huganda. Mwisho zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa nzito kidogo si kitu. Ikikwama au ikichezacheza, ni kazi ya fundi.

Kuvu kidogo ukingoni haiharibu picha kwa namna utakayoiona, isipokuwa ukielekeza lenzi kwenye taa au dirisha. Hapo picha hupauka. Kuvu iliyoenea katikati huwa imekula ule mpako ulio juu ya kioo, na hata ikisafishwa alama hubaki. Iliyo kwenye kioo cha nje waweza kuifuta mwenyewe kwa dawa ya kusafishia lenzi na kitambaa laini. Iliyo ndani mpelekee fundi. Usijifanye fundi kwa bisibisi ya saa. Nilifanya hivyo siku moja kwa lenzi yangu mwenyewe, na hadi leo ina skrubu moja iliyobaki mezani.

Ile Takumar ilikuwa na kuvu kama ukucha wa mtoto mchanga, pembeni. Nikkor ilikuwa safi. FD ilikuwa imekula sana, na naona huenda ni kwa sababu ilikaa chini kabisa ya mfuko palipokuwa na unyevu.

Kuna watu watakuta lenzi yao imegeuka manjano, kama chai ya rangi nyepesi. Baadhi ya Takumar, hasa ile ya milimita 50 f/1.4 yenye vioo saba, zilitengenezwa kwa kioo chenye thoriamu, madini yenye mnururisho hafifu, kwa sababu kioo cha namna hiyo hupinda mwanga vizuri. Miaka ikipita mnururisho huo hukigeuza kioo rangi. Kuitumia kupiga picha si jambo la kutia hofu, ila usikisage wala kukivunja kioo hicho. Na manjano hupungua kwa jua, ambalo Mungu ametupa bila kupima. Funika upande mmoja kwa karatasi ya fedha ya jikoni, iache lenzi juani mchana kwa siku kadhaa, hata wiki kadhaa, ukiitazama. Nasisitiza karatasi ile, maana lenzi tupu juani hukusanya mwale na yaweza kuunguza pazia au kuwasha moto. Usiiache dirishani ukaenda sokoni.

Utunzaji wake si mgumu. Mfuko wa ngozi uutoe kabisa, uweke kumbukumbu mahali pengine. Tafuta chombo cha plastiki cha chakula chenye kifuniko cha kubana, tia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba, vingi, si kimoja. Vikishalowa havisaidii, vibadilishe. Mchele ambao kila mtu anausifia usitie, una unga na vumbi. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kuingia joto la nje, iache lenzi ndani ya mkoba kama nusu saa. Ukiitoa papo hapo itatoa jasho, na jasho hilo likiingia ndani ndilo linalolisha kuvu. Zaidi ya yote itumie. Lenzi inayotoka nje kila wiki ikaona mwanga na hewa haipati kuvu kirahisi kama iliyofichwa.

Nunua pia kofia ya mpira ya mbele. Mpako wa lenzi za enzi hizo ni mwembamba kuliko wa sasa, na mwanga wa pembeni ukiziingia picha hupoteza weusi wake. Kwa kuta zetu nyeupe na bahari inayorudisha jua, tofauti utaiona siku ileile. Takumar hii huchukua ya milimita 49, Nikkor hii ya 52.

Adapta mbili tulizonunua, ya M42 na ya Nikon, pamoja na kofia, hazikufika bei aliyokuwa akilipa kukodi lenzi kwa harusi chache. Wiki ya kwanza alipiga watoto wa mtaani na paka wa barazani, fokasi zikakosea nusu. Wiki ya tatu akaenda nayo kwenye kupamba, Kisauni. Picha sikuziona, wala si zangu kuziona. Aliniambia kwamba kwenye kiti alipiga kwa f/2.8 badala ya f/1.8, akajipa nafasi kidogo ya kukosea, bila flashi hata moja, na kwamba mama wa bibi harusi amemwita kwa harusi ya mdogo mtu.

Ile Canon FD ameihifadhi. Nilimwambia siku atakaponunua kamera isiyo na kioo cha ndani, milimita 42 kwa 20 pana nafasi kubwa, itaingia, ikiwa fundi atafanikiwa kuisafisha. Mamake alitaka kuirudisha kabatini ndani ya ule mfuko wa ngozi, kwa heshima ya marehemu. Tukamwomba aache mfuko kabatini, lenzi aiweke kwenye chombo cha plastiki juu ya friji.